Mpiga Kinanda Hakuwa Wewe

Asubuhi mwanga huingia dukani kabla yangu. Nikifungua mlango naukuta umeshajinyoosha juu ya rafu, umeshapenya kwenye kila miwani, umeshajigawa ukutani vipande vipande, chekundu kidogo, samawati kidogo, kama kitu kilichovunjika bila kuumia. Na ndani ya mwanga huo huelea vumbi la lenzi, vumbi jeupe, vumbi jepesi, vumbi la vioo vya watu wanaotaka kuona.

Hapo ndipo nilipoanza kukuandika.

Hapana, mume wangu. Si kukuandika. Kukutamani kwa kalamu.

Kazi yangu unaijua. Nasaga kingo za lenzi mpaka zikubali kukaa kwenye fremu, nafuta, napuliza, nainua juu dirishani nitazame kama kuna mkwaruzo. Mtu huingia kwetu amekunja uso, hutoka akisoma vibao vya barabarani kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kabla daktari wa macho hajafika, kabla mteja wa kwanza hajagonga kioo kwa ufunguo wake, kuna muda ambao ni wangu peke yangu. Mashine imelala. Barabara inapiga miayo. Mimi nimekaa kwenye stuli yangu, karatasi kwenye mapaja, na wewe hupo.

Hupo. Neno dogo kama hilo, lakini lilijaza nyumba. Lilikaa kwenye kiti chako mezani. Lilitundikwa nyuma ya mlango pamoja na koti lako. Nikipangusa vumbi nalipangusa, kesho nalikuta tena.

Ulikuwa umeondoka na mtambo wa kuchimba visima. Kampuni yenu ilipata kazi kule kukavu, vijiji na vijiji, kisima baada ya kisima, na ulisema utarudi maji yakipatikana, kama kwamba maji yana miadi na mtu. Wewe ulitoboa ardhi. Mimi nilitoboa siku. Kila mmoja na kiu yake.

Ukitaka kupiga simu ilikubidi upande kilima, maana mtandao haukushuka bondeni mlikopiga kambi. Nilikuona kwa macho ya moyo ukipanda, buti zako zimekauka tope jeupe, simu umeishika juu kama mtu anayeomba kura. Na mimi huku nimeshika yangu kwa mikono miwili.

"Mko salama?"

"Tuko salama. Wewe je?"

"Mzima."

"Umekula?"

"Nimekula."

Halafu upepo. Upepo mwingi, upepo wa mahali nisipopajua, ukiongea kuliko wewe.

"Haya basi, mama watoto. Msalimie mama."

Na simu ikakatika, na mimi nikabaki nimeiweka sikioni, nikisikiliza sauti ya kutokuwa na sauti.

Simaanishi kwamba ulikuwa mtu baridi. Mungu ni shahidi wangu. Ulikuwa mtu wa kuamka kabla yangu ukanipashia maji ya kuoga. Ulikuwa mtu wa kukaza skrubu ya kiti nisichojua kama kimelegea. Siku uliyonichumbia, nje ya kanisa, watu wakipeana mikono, ulinivuta pembeni ukaniambia, "Nimeshaongea na mama. Sasa sijui wewe unasemaje." Hayo ndiyo maneno yako yote ya mapenzi niliyopata kuyasikia, na nikayakubali, nikayavaa kama nguo ya Jumapili. Lakini nguo moja huchakaa. Na ulipokwenda mbali, mikono yako iliyokuwa ikisema badala yako ilikwenda nawe. Nikabaki na mdomo wako tu, juu ya kilima, kwenye upepo.

Ndipo akazaliwa Mpiga Kinanda.

Alizaliwa asubuhi moja, kwenye mwanga ule, kwenye vumbi lile. Nilitaka kuandika hadithi ya mapenzi ya watu wanaomcha Mungu, maana zile nilizokuwa nazisoma, wapendanao wake hawasali hata wanapokula, na zile za kusali, wapendanao wake hawapendani. Nikamweka muuguzi mjane, mwanamke wa zamu na viatu vya mpira. Nikamweka mwanaume anayepiga kinanda kanisani, vidole virefu, kola safi. Nikawakutanisha mlangoni mvua ikinyesha. Nikangoja waone haya.

Yeye hakuona haya. Yeye alisema.

Alisema, nilikutazama ukiimba nikasahau ufunguo wa wimbo. Alisema, kila usiponiita, nasikia kama nimeitwa mahali pengine na sitaki kwenda. Alisema, niruhusu nizeeke karibu na sauti yako. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na mimi nilikimbia na kalamu huku na huku nikikinga.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nimepauka mikono kwa vumbi na uso unawaka. Mama yako akaniuliza, "Una homa?" Nikasema, "Naandika kitabu, mama." Akasema, "Basi nisomee. Homa ya kitabu siijui."

Mama yako. Macho yake yameingia ukungu ambao hakuna lenzi niliyoisaga ingeweza kuuondoa. Kwa hiyo nikawa namsomea, Jumapili baada ya ibada, yeye kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu kwenye stuli, kitambaa cha kichwani amekivua amekiweka magotini. Hakuwa msikilizaji mpole.

"Wanasali tena?"

"Mama, ni riwaya ya Kikristo."

"Najua. Hata mimi ni Mkristo. Na mumeo nilimzaa nikiwa Mkristo vilevile. Waache basi wasogeleane kidogo."

Nilicheka mpaka karatasi zikaanguka. Naye akacheka, bega linatikisika, halafu ghafla akaacha. Akageuza uso wake dirishani, kwenye mwanga aliokuwa akiuona kama maziwa.

"Huyu kijana wa kinanda," akasema, "anajua kusema."

"Anajua, mama."

"Baba yao hakujua. Na huyu wangu hakujifunza."

Na mimi sikumwuliza. Lakini niligundua kwamba tulikuwa wanawake wawili katika chumba kimoja, wenye kiu ya namna moja, na kwamba yeye yake alikuwa amezeeka nayo.

Binti yetu ndiye aliyenichapia. Unajua tunavyomwita, Hakimu, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuacha jambo bila kulitolea hukumu. Alirudi shuleni, akavua viatu, akafungua kompyuta ya shangazi yake tuliyoazima, na mimi nikamsomea yeye akapiga vitufe. Siku moja vidole vikasimama.

"Mama, huyu mtu si baba."

"Nani amesema ni baba?"

"Basi ni nani?"

Nikamwambia achape, chakula kinaungua. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Yaani jikoni.

Basi ni nani? Swali lilinifuata dukani. Lilikaa na mimi kwenye stuli. Nilisaga lenzi za mzee wa posta, za mwalimu wa hesabu, za bibi harusi aliyekataa kuolewa amevaa miwani, na swali likisaga pamoja na mimi. Nilikuwa mke wa mtu. Sikuwahi kumtazama mwanaume mwingine barabarani, ofisini, kanisani. Lakini kila asubuhi nilikwenda kwenye mwanga ule moyo ukinidunda kama msichana, kukutana na mtu aliyejua la kuniambia.

Nikamwuliza Mungu. Nilimwuliza wazi, nimepiga magoti kati ya mashine na sanduku la fremu: je, ni dhambi mtu kumngoja mume wake kwa njia ya mwanaume aliyemtunga? Nikangoja jibu. Vumbi likaelea. Mungu naye siku hizo alikuwa kama wewe: mzima, yupo, haongei sana.

Nikaendelea kuandika. Sikujua njia nyingine ya kungoja.

Mhariri wa shirika la vitabu la kanisa alikuwa mama mfupi mwenye penseli kwenye nywele, ofisi yake juu ya duka la rangi, mswada wangu mbele yake umejaa alama. Nilidhani ataniambia nimezidisha. Akanitazama juu ya miwani, miwani mibaya, imekaa upande, nilitamani niinyooshe.

"Huyu mwanaume umempata wapi?"

"Nimemtunga."

"Wote?"

"Wote."

"Hmm." Akafunua kurasa. "Na huyu muuguzi. Kitabu kizima anangoja. Anangoja mvua iishe, anangoja zamu iishe, anangoja kupendwa. Hana kazi nyingine?"

Nikamwambia, "Kungoja ni kazi, mama. Ina jasho lake."

Akaitoa penseli kwenye nywele, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa, akaurudisha. Sikuona alichoandika. Lakini tulipoagana alinishika mkono muda mrefu kuliko inavyohitajika, na kitabu kikakubaliwa.

Kilifika kwenye maboksi, kinanukia wino, jalada lake lina dirisha na mvua. Kikawekewa ibada ya shukrani. Ukumbi wa kanisa ulijaa, viti vya plastiki, maua ya kuazima, mchungaji akisema mapenzi pia ni zawadi ya Mungu huku akikwepa kumtazama mkewe. Mama yako alikaa mbele. Nilipomkabidhi nakala yake aliileta puani, akaivuta harufu kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga.

Na wewe hukuwepo. Nilikitazama kiti kilichokuwa wazi karibu na mama, na mtu akaja akaweka mkoba wake juu yake.

Wanawake wa kwaya walinizunguka. "Kumbe! Yule bwana mkimya, kumbe ndani ya nyumba yuko hivi? Mwenzetu umebarikiwa jamani!" Wakapigana vikumbo, wakafunika midomo. Nikacheka nao. Nilicheka vizuri, nilicheka kwa meno yote, na kila kicheko kiliniingia kama kipande cha kioo kwenye kidole, kidogo mno kukiona, kikali mno kukisahau.

Ulirudi bila kutuambia. Nilikukuta nyumbani nikitoka kazini, umekaa kwenye ngazi ya mlangoni, umekonda, umeungua na jua, kucha zina tope la nchi nyingine. Nilisimama getini, mkoba begani. Nilikuwa nimeuandika ujio huu mara ngapi! Katika kitabu Mpiga Kinanda anatupa sanduku chini, anakimbia kwenye mvua, anaita jina la muuguzi.

Wewe ulisimama. Ulijipangusa mikono kwenye suruali. Ulisema, "Mmepaka rangi mlango."

Nikasema, "Ndiyo. Karibu."

Na tulipokumbatiana nilisikia moyo wako ukipiga kwa nguvu, kwa nguvu sana, kama mtu aliyefungiwa ndani anayegonga. Lakini mdomo wako ulikuwa juu ya nywele zangu, umefungwa.

Kitabu kilikuwa mezani. Uliona jina langu, ukapitisha kidole juu yake taratibu, herufi kwa herufi. Kesho yake ulikitoa nje kwenye mwanga, ukakishika mbali, ukakisogeza karibu, ukakishika mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha.

"Maandishi yao madogo," ulisema.

"Macho yako makubwa kiumri," nikasema. "Twende dukani."

Unakumbuka? Nilikukalisha kwenye kiti cha wateja. Daktari alishakupima, akaenda zake kunywa chai. Nilikushika kidevu nikakwambia tazama mbele, usitikisike, na nikapima kwa rula nafasi kati ya jicho na jicho. Uso wako ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyokuwa kwa msimu mzima. Niliona mikunjo mipya pembeni ya macho, mikunjo ya mtu anayetazama mbali juani. Pumzi yako ilinigusa shingoni. Nilipima mara ya pili bila sababu. Wewe hukuuliza kwa nini.

Halafu nikakaa kwenye mashine yangu, nikakusagia kwa mikono yangu mwenyewe lenzi za kumwonea mwenzako, yule wa kitabuni.

Ulisoma polepole, mlangoni, siku baada ya siku, kidole kikifuata mstari. Mimi nilipita na ndoo, nikapita na ufagio, nikapita bila kitu. Niliujua kila ukurasa kwa unene wa upande wa kushoto. Sasa wanakutana. Sasa anasema lile la wimbo. Sasa anasema lile la kuzeeka. Uso wako haukusema kitu. Siku ulipomaliza ulivua miwani, ukaikunja vizuri, ukaenda kutengeneza bawaba ya geti ambayo haikuwa imeharibika.

Ukawa mkimya zaidi ya ukimya wako. Mezani uliomba chumvi kwa kidole. Hakimu alitutazama, mimi, wewe, mimi, wewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa hukumu. Niliogopa. Nilijua wanaume wengine hushindana na wanaume wenye mikono na miguu, huwakamata, huwafukuza. Wewe ungemkamata wapi mtu wa karatasi? Kola yake haichafuki. Hazeeki. Hachoki. Haamki mgongo unamwuma.

Jumamosi tulikuwa tunaanika nguo nyuma ya nyumba. Wewe umeshika ncha moja ya shuka, mimi ncha nyingine, tunakamua, maji yanamwagika kati yetu. Ukasema, bila kunitazama:

"Ulikuwa unamngoja yeye au mimi?"

Shuka likaning'inia. Nilitaka kukujibu kwa maneno mazuri. Nikayatafuta, mume wangu, nikayatafuta kila mahali, na kila neno zuri nililolishika lilikuwa lake. Lilikuwa na harufu ya kola yake. Sikubakiwa hata na moja ambalo hakulisema yeye kwanza.

"Wewe," nikasema.

"Mbona hafanani na mimi?"

"Kwa sababu ulikuwa mbali. Na hata ukiwa karibu, nina njaa ya kuongeleshwa. Nimekaa nayo sana."

Ukakamua shuka lililokwisha kukamuliwa.

"Mimi sijui kusema vile."

"Najua."

"Nikijaribu utacheka."

"Sitacheka."

"Utacheka."

"Nimesema sicheki!" Na papo hapo kicheko kikaniponyoka, hata hujaanza, na wewe ukanitazama umetahayari, halafu na wewe ukashindwa, tukacheka wote wawili kama wendawazimu, shuka linaburutika kwenye tope, kazi yote ya asubuhi imeharibika. Kutoka dirishani mama yako akapaza sauti: "Hizo nguo zitaoza kwenye beseni!" Na hatukumjibu.

Ulipindua ndoo ukakaa juu yake. Ulikohoa. Ulitazama mikono yako, ile mikono iliyokuwa ikisema badala yako, na ukaiweka chini kando, kama mtu anayeweka vifaa vyake baada ya kazi.

"Kule kilimani," ulianza.

Ukanyamaza. Nikadhani yameishia hapo. Nikakaa chini kwenye majani mabichi, gauni likalowa, na nikangoja. Na kungoja kwa namna hiyo sikuwahi kungoja, kwa kuwa ulikuwa mbele yangu na bado nilikutamani.

"Kule kilimani, kabla sijapiga simu..."

Na ukasema. Ulisema vibaya. Ulianza katikati, ukarudi nyuma, ukapotea, ukaniomba nisikutazame. Ulitafuta neno ukalikosa ukatumia neno la mtambo, neno la bomba, neno la tope. Mpiga Kinanda angeona aibu kwa ajili yako. Nguo zilizotangulia kambani zilianza kukauka, jua likahamia ukuta wa pili, na wewe bado unasema, jasho linakutoka kama mtu anayechimba, na mimi nimeshika kifundo cha mguu wako kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, nimekishika, sikukiachia.

Ulipomaliza ulinitazama kwa hofu.

"Hii usiiandike."

"Siiandiki."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

Umeondoka tena. Lori la mtambo lilikuja kukuchukua, ukapanda juu karibu na mabomba, ukanipungia mkono ulioshika miwani, na vumbi likakufunika mpaka kwenye kona. Kiti chako kimerudi kuwa kiti. Koti limerudi nyuma ya mlango. Mama yako ananiuliza kama umepiga, namwambia umepiga, ananiuliza umesema nini, namwambia uko mzima. Anatabasamu upande wa dirisha. Sijui alisikia kiasi gani siku ile.

Mhariri anataka kitabu cha pili. Wasomaji, anasema, wanamlilia Mpiga Kinanda. Nikamwambia yule ameshaoa, tumwache na mkewe. Naandika mwingine sasa. Mtu wa mikono mikubwa. Hajasema kitu mpaka hapa nilipofika, na muuguzi wa safari hii ni mwanamke wa kuuliza.

Nilidhani ukisema, kiu itakwisha. Haikwisha, mume wangu. Imezidi. Zamani nilitamani maneno ambayo hayakuwahi kuwepo, na mtu anaweza kuishi na hilo, kama anavyoishi na nchi asiyowahi kufika. Sasa natamani maneno niliyoyasikia, kwa sauti yako ile ya kukwama, na kikohozi chake, na kunyamaza kwake. Nayarudia mashine inapozunguka. Nayarudia nikipanga fremu. Mteja ananiambia, mama, unatabasamu na kioo, na mimi nampa miwani yake.

Na asubuhi nikifungua duka, nakaa kwenye stuli, naandika. Naandika nikikimbia, naandika nikifuta, na kila mara nafika mahali ambapo maneno yako yangekaa. Hapo nainua kalamu. Naacha karatasi nyeupe, upana wa kiganja, na nasogea kidogo pembeni nisiitie kivuli.

Mwanga unashuka kutoka dirishani, unapita kwenye lenzi zote, unapakuta pahali pale peupe, na unatulia.